Figo Mpya na Chunjua za Ngozini (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini aliyepandikizwa figo hulazimika kumeza dawa za kushusha kinga ya mwili kila siku: bila dawa hizo, mwili huiona figo ile kuwa ngeni na kuishambulia. Leo ninatetea hoja moja. Chunjua zinazoota kwenye ngozi ya mgonjwa huyu ni taarifa kuhusu kinga yake. Tena kwa mwenye ngozi nyeusi, taarifa hiyo inapaswa kutafutwa hata mahali ambapo jua halifiki, na ambapo yeye mwenyewe huona haya kupaonyesha.

Virusi vya papiloma, yaani HPV, vina aina zaidi ya 200, na nyingi huishi kimya kwenye ngozi za watu wazima wa afya kwa kuwa seli za kinga zinavizuia visichomoze. Dawa za kushusha kinga, kama prednisolone, tacrolimus na mycophenolate, zikishalegeza ulinzi huo, chunjua huanza moja moja vidoleni, kisha miaka ikipita zikafika makumi. Ile ya kawaida ni rahisi kuitambua: ngumu, yenye uso wa kukwaruza na vidoa vyeusi ndani yake, ambavyo ni vishipa vidogo vilivyoganda damu. Inayoponyoka macho ni ile bapa ya kifuani na shingoni, iliyopauka na yenye magamba membamba, inayofanana mno na mba. Mgonjwa hununua dawa ya fangasi dukani, akapaka miezi na miezi, na alama zisiondoke.

Kwamba virusi hivi vina uhusiano na saratani ya ngozi, tulifunzwa na watu wachache waliozaliwa na kasoro ya kinga ambayo Lewandowsky na Lutz waliieleza mwaka 1922. Miili yao hujaa chunjua bapa tangu utotoni, na baadaye nyingine hugeuka saratani. Stefania Jabłońska wa Warsaw na Gérard Orth wa Paris ndio walioonyesha kwamba ndani ya saratani hizo mna HPV ya aina ya 5. Aliyepandikizwa figo anaipata kwa dawa hali inayokaribiana na ile ambayo wenzake hao walizaliwa nayo. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta saratani ya seli bapa za ngozi ikiwapata watu waliopandikizwa figo mara 250 zaidi ya wengine; wa Norway, mwaka 1999, ulikuta mara 65.

Wapo wanaopinga, wakisema virusi ni abiria tu. Wana ushahidi. Katika saratani ya mlango wa kizazi, jeni za HPV hubaki ndani ya seli za uvimbe na kuuendesha. Katika saratani ya ngozi iliyochomwa na jua, jeni hizo mara nyingi ni haba. Mwaka 2019 watafiti wa Boston walikwenda mbali zaidi, wakionyesha kwa panya kwamba kinga dhidi ya papiloma za ngozini ndiyo inayozuia saratani, na kuipoteza kinga hiyo ndiko kunakodhuru. Lakini majaribio mengine ya panya yanaonyesha virusi vikidhoofisha ngozi mbele ya mionzi ya jua, kisha kuondoka uvimbe ukiendelea wenyewe. Sioni sababu ya kungoja mzozo huu uishe: kwa pande zote mbili, chunjua nyingi ni dalili ya ulinzi uliolegea.

Pingamizi zito kwetu ni kwamba ngozi nyeusi ina kinga yake dhidi ya jua. Ni kweli, na ndiyo maana shauri la kofia na mikono mirefu halitoshi. Uchunguzi wa Philadelphia wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa wagonjwa weusi saratani changa za seli bapa zilikuwa sehemu zisizopigwa na jua, hasa sehemu za siri, na nyingi zilikuwa na HPV. Hilo linatuhusu: Tanzania ilianza upandikizaji wa figo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mnamo Novemba 2017. Mgonjwa anayekaguliwa akiwa amevaa nguo, tukaridhika kwamba mikono na uso ni safi, hajakaguliwa.

Wengine watauliza: basi si dawa zipunguzwe? Hatari ya kuipoteza figo na kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu si ndogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, waliokwisha kupata saratani hii na kuhamishiwa sirolimus, dawa nyingine ya kushusha kinga, walipata mpya kwa asilimia 22, dhidi ya 39 kwa waliobaki na dawa zao, ila madhara yalikuwa mengi. Uamuzi huo ni wa daktari wa figo. Rahisi zaidi ni chanjo ya HPV, itolewe kabla ya upandikizaji, kinga ingali na nguvu. Haigusi aina za ngozini kama ya 5 na ya 8, lakini inazuia 16 na 18, zile za sehemu za siri. Tanzania huwapa wasichana chanjo hiyo tangu 2018. Mtu mzima anayesubiri figo hayumo katika mpango huo.