Auguzaye Naye Huugua

Askari anapojeruhiwa hana nafasi ya kumchagua daktari. Hulazwa juu ya machela, akapelekwa mbele ya yule aliye zamu, na uhai wake ukawa mikononi mwa mtu huyo. Kwa sababu hiyo, jinsi daktari anavyolelewa chuoni ni jambo linalotuhusu sana sisi wa jeshi na polisi.

Masomo hayo ni marefu na mazito. Huko Makerere, ambako udaktari ulianza kufundishwa mwaka 1924, mwanafunzi husoma miaka mitano, kisha hutumikia mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Mchana ni wa wodi, usiku ni wa vitabu, na mitihani hufuatana. Wengi hudhani kwamba anayeteseka zaidi ndiye atakayefuzu zaidi. Dhana hiyo haina msingi.

Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizofanywa katika nchi 43. Ilionekana kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyomwondokea mtu, inayomnyima usingizi, hamu na nguvu. Miongoni mwao, asilimia 15.7 tu ndio waliotafuta matibabu. Ni ajabu iliyoje: wanaofundishwa kutibu wenzao huona haya kutibiwa!

Je, mzigo ukipunguzwa, elimu itashuka? Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kilitoa jibu. Katika miaka miwili ya kwanza kiliacha kuwapanga wanafunzi kwa alama za A, B na C, kikabakiza kufaulu au kushindwa tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wanafunzi wa utaratibu mpya walikuwa na utulivu zaidi wa moyo, wala hawakuwa nyuma ya waliowatangulia, si darasani, si katika mitihani ya taifa. Tangu Januari 2022 hata mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari nchini humo hautoi tena alama za tarakimu. Lakini mtihani wa pili bado unazitoa, na hofu ya baadhi ya wanafunzi imehamia huko. Mzigo ulioshushwa begani usitwikwe kichwani.

Sisi tuliopita chuo cha uofisa twalielewa jambo hili. Baada ya mwendo mrefu, ofisa hukagua nyayo za askari wake kabla ya yeye mwenyewe kupumzika. Hafanyi hivyo kwa kuwadekeza. Ajua kwamba lengelenge likifichwa leo, kesho platuni nzima itachelewa. Anayelionyesha si mwoga, amewalinda wenzake.

Basi, wakuu wa vyuo nao wakague nyayo za wanafunzi wao: usingizi, chakula, urefu wa zamu, na mahali pa kueleza shida bila hofu kwamba siri itamfikia mtahini. Nasi tulio na watoto au ndugu katika vyuo hivyo, tunapowapigia simu tusiulize alama peke yake. Tuulize pia kama wanalala na kama wanakula. Mmoja akijibu kwamba moyo wake umechoka, tusimwambie avumilie tu. Tumwambie aende kumwona daktari.