Mpango: Mchumi aliyeingia kwenye hesabu za soko la Mbeya na Iringa

Wafanyabiashara wa nafaka wa Mbeya na Iringa wamezoea kufuatilia mvua, bei ya dizeli na hali ya mpaka wa Tunduma. Dk. Philip Mpango alipokuwa Waziri wa Fedha, kuanzia Desemba 2015 hadi Machi 2021, waliongeza jambo la nne: hotuba ya bajeti ya kila Juni.

Mzaliwa huyo wa Buhigwe, Kigoma, hakupandia ngazi ya siasa. Alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Katibu Mtendaji wa Tume ya Mipango. Novemba 2015 Rais John Magufuli alimpeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kuwa Kaimu Kamishna Mkuu. Hakumaliza mwezi huko. Desemba 23 alitangazwa kuwa Waziri wa Fedha na Mipango.

Bajeti yake ya kwanza, ya 2016/17, ilikuwa Sh. trilioni 29.5, kutoka trilioni 22.5 za mwaka uliotangulia. Ongezeko hilo lilimaanisha kodi kusakwa kila kona.

Mizigo ya Tunduma

Maumivu yalianza kuonekana barabara kuu ya Zambia. Mwaka 2016 wasafirishaji walilalamikia VAT ya asilimia 18 kwenye huduma zinazoambatana na mizigo inayopita kwenda nchi jirani. Bei ya shaba nayo ilikuwa imeshuka duniani. Malori yakipungua, hasara haiishii bandarini Dar es Salaam. Inafika kwa mama lishe wa Ilula, nyumba za wageni za Mafinga na mafundi wa matairi wa Mbeya.

Juni 2017 Dk. Mpango alirudi bungeni na kupendekeza VAT hiyo iwe sifuri. Aidha, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza ushuru wa mafuta kwa Sh. 40 kwa lita. Mwenye gari linalolala uani alipata nafuu. Mwenye lori lisilopumzika alilipa kila alipojaza tangi.

Ushuru wa mazao

Hatua iliyopokelewa vizuri zaidi vijijini ni ya ushuru wa mazao, ambao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine aliondolewa ushuru huo.

Tuchukue mfano wa lori la magunia 100 ya mahindi, kila gunia likiwa Sh. 50,000. Mzigo ni Sh. milioni 5. Kwa asilimia 5, ushuru ni Sh. 250,000, kwa asilimia 2 ni Sh. 100,000. Nafuu ni Sh. 150,000, yaani Sh. 1,500 kwa gunia.

Hata hivyo, mwezi huohuo wa Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mavuno yalikuwa mazuri, bei zikaanguka Nyanda za Juu Kusini. Gunia likishuka kwa zaidi ya Sh. 1,500, nafuu yote ya ushuru imekwisha.

Kwa wenye akiba

Sheria ya Fedha ya 2016 iliyataka makampuni ya simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom iliuza zake kwa Sh. 850 kila moja na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017. Wengi walinunua hisa kwa mara ya kwanza.

Machi 2021 Dk. Mpango aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, wadhifa alioushika hadi 2025. Mchumi huyo alionyesha kuwa waziri anaweza kurekebisha hesabu yake ndani ya mwaka mmoja. Lakini bei ya gunia haiamuliwi na Wizara ya Fedha peke yake. Mwenye kununua mahindi Juni asome bajeti yote, kisha asubiri tamko la mpakani kabla ya kujaza ghala.