Istilahi za Jikoni katika Linux

Tuchukue mfano wa Toaster, kiolesura cha wavuti cha Yocto Project, mradi uliotangazwa na Linux Foundation mwaka 2010. Kwa kivinjari, mhandisi huteua aina ya kifaa na tabaka za programu, kisha huamuru kazi ianze. BitBake, ambayo jina lake limetokana na kuoka, husoma mapishi: kila moja hueleza msimbo chanzo unapatikana wapi, unategemea nini na unageuzwaje kuwa lugha ya mashine. Hitilafu na muda uliotumika huonekana katika Toaster.

Hapa tafsiri sisisi inafaa, kwani sitiari ya mapishi inaeleweka. Lakini zao la mwisho Waingereza huliita kwa neno la taswira. Tukiliita “picha”, mwanafunzi atatafuta picha, ilhali ni mfumo mzima, kwa kawaida katika faili moja, ulio tayari kuandikwa katika hifadhi ya kifaa. Kifaa kitabaki bila mfumo. Kwa hiyo istilahi haina budi kufuata kazi ya dhana. Napendekeza “nakala ya mfumo”.