Mwanga alirudi Mengo, lakini kwa masharti

Mwaka 1485 Henry Tudor alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamshinda Richard III pale Bosworth, na taratibu wakubwa wa Uingereza wakafyata mkia. Buganda nayo ina mfalme aliyerudi kwa maji, Kabaka Mwanga. Ila ushindi wa Februari 1890 dhidi ya nduguye Kalema ulimpa kiti tu. Nguvu zilibaki kwa waliomrudisha.

Septemba 1888 Mwanga alikusudia kuwapakia vijana wenye bunduki, Waislamu kwa Wakristo, kwenye mitumbwi na kuwatelekeza kisiwani wafe njaa. Walishtuka, wakakataa kupanda. Wakampindua na kumweka nduguye Kiweewa. Punde Waislamu wakawafukuza Wakristo na kumsimika Kalema. Waliomrudisha Mwanga, kwa msaada wa mashua na silaha za mfanyabiashara Charles Stokes, ni Wakristo walewale ambao wenzao aliwachoma Namugongo mwaka 1886. Mapenzi hayakuwapo. Walihitaji mwana wa mfalme, kwa sababu Buganda haikuwa na njia nyingine ya kuhalalisha utawala. Walipoingia Mengo, makao makuu ya Kabaka, waligawana vyeo, Wakatoliki na Waprotestanti, na Apolo Kagwa akawa Katikiro, yaani waziri mkuu. Atokaye mtaa wa Bukoto, Kampala, leo kwenda Mengo bado anaiona ramani ya mgawanyo huo: kanisa kuu la Rubaga kilima hiki, la Namirembe kile, na ikulu jirani yao.

Kuna watakaosema makabaka wamewekwa na wakuu tangu zamani, na hata Muteesa I alisimikwa mwaka 1856 angali kijana. Ni kweli, lakini Muteesa alipokomaa aliwatia adabu wakuu wake, kwa kuwa mkuu aliyefukuzwa enzi zile alibaki mikono mitupu. Mkuu wa 1890 alikuwa na bunduki zake, na waumini wa kumfuata. Wengine watamlaumu Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza. Huyo alifika Desemba 1890, vyeo vikiwa vimeshagawanywa. Bunduki yake ya Maxim, iliyofyatuliwa kutoka kilima cha Kampala tarehe 24 Januari 1892, iliamua ni kundi lipi litangulie kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na Kabaka akajikuta anakimbilia kisiwa cha Bulingugwe.

Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akashindwa. Kiti akapewa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, huku Kagwa, Mugwanya na Kisingiri wakitawala kwa niaba yake. Kiti chenye nguvu za zamani kisingeachiwa mtoto anayenyonya.