Boti ya familia kwa mtu wa Rujewa: Mtera au Nyasa?

Wilaya ya Mbarali ina maji mengi, lakini pa kuelea boti hapana. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka kutoka milimani, inagawiwa kwenye mifereji, inalowesha majaruba ya mpunga ya Kapunga, Madibira na Mbarali, kisha kinachosalia kinasukumwa kuelekea Ihefu. Mkazi wa Rujewa aliyeuza mpunga kwa bei nzuri, akaanza kufikiria boti ya kuvulia asubuhi na kuwavuta watoto juu ya mbao za skii baadaye siku hiyohiyo, hana budi kuanza na ramani kabla ya kwenda dukani.

Ihefu yenyewe inaondoka kwenye hesabu mapema. Ardhioevu hiyo ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Usangu, na mwaka 2008 pori hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto Ruaha Mkuu unaotoka hapo kupitia Ng'iriama nao hauaminiki: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, viboko wakibaki wamesongamana kwenye madimbwi.

Yanabaki maji mawili makubwa yanayofikika kwa gari lenye trela. Upande mmoja ni Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Upande mwingine ni Ziwa Nyasa kwa kupitia Uyole, Tukuyu na Kyela. Boti inayofaa Mtera haitulii Nyasa, na inayofaa Nyasa ni hasara Mtera. Ndiyo maana anayenunua boti kabla ya kuamua itaelea wapi huishia kununua mara mbili.

Mtera: visiki vinavyohama

Maji ya Mtera yanamhusu mtu wa Rujewa kuliko anavyodhani, kwa kuwa sehemu yake imepita kwanza kwenye majaruba yake. Bwawa hilo lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mtambo wa Kidatu, na mwaka 1988 likaanza kuzalisha umeme wake lenyewe, megawati 80. Likijaa, linatanda kwenye eneo la takribani kilomita za mraba 600. Wasafiri wa barabara ya Iringa kwenda Dodoma wanalijua kwa perege na kambale wanaouzwa kando ya lami.

Mvuvi wa ndoano hana la kulalamikia pale. Wa kuteleza anayo mengi. Miti mingi iliachwa ikazama ikiwa imesimama, na vichwa vyake vikavu vinaonekana hadi leo juu ya maji. Vinavyoonekana si tatizo. Tatizo ni vile vilivyo nusu mita chini ya uso, na hivyo havikai mahali pamoja machoni pa dereva, kwa sababu kina cha bwawa kinabadilika: kiwango cha juu kabisa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini kinachoruhusiwa kwa uzalishaji ni mita 690. Ni tofauti ya mita nane na nusu. Njia iliyokuwa salama mwezi Mei, mvua zikiwa zimeisha hivi karibuni, inaweza kuwa imejaa visiki mwezi Novemba.

Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, walilishughulikia hilo mapema. Kabla maji hayajapanda mwishoni mwa miaka ya 1950, sehemu za msitu zilifyekwa ili nyavu zisinase, na leo ziwa hilo lina wavuvi wa michezo na boti za mwendo kasi. Mtera haina maeneo ya namna hiyo yaliyowekewa alama kwa ajili ya skii. Ukiongeza mamba na viboko, jibu linakuwa wazi: Mtera ni ya kuvua. Inayofaa huko ni boti nyepesi ya bapa au yenye mkuku mdogo, futi 14 hivi, injini ya nguvu za farasi 15 hadi 25, mwendo wa pole, na mtu mbele akitazama visiki. Familia inayotaka mbao za skii ishike barabara ya kusini.

Nyasa: kina kinachoanza ufukweni

Matema, wilayani Kyela, milima ya Livingstone inaishia ndani ya maji. Hatua chache kutoka ufukweni kina kinaporomoka, na ziwa zima hufikia takribani mita 700 katika sehemu zake za chini kabisa. Kisiki hakuna. Kwa mtelezaji hilo ni jambo kubwa kuliko yote: akianguka, anaangukia maji matupu.

Adui wa Nyasa ni upepo. Asubuhi maji huweza kutulia kabisa, mchana mawimbi yakaanza, na kati ya Mei na Agosti hupiga upepo wa kusini-mashariki ambao ng'ambo Malawi wanauita mwera. Ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini linaupa upepo huo nafasi ya kukusanya mawimbi, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini yanakofikia. Boti ya bapa iliyokuwa raha Mtera hapa hupiga tumbo juu ya kila wimbi na kuwarushia maji waliokaa mbele. Inahitajika boti yenye tumbo la umbo la V, inayokata wimbi badala ya kulipanda, na yenye kuta za juu kiasi cha kumzuia mtoto asiyumbe nje.

Wavuvi wenyeji ndio wenye maji hayo. Mitumbwi ya mti mmoja hutoka alfajiri, nyavu zinashikiliwa na maboya ya madumu na chupa, na wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe hufikisha vyungu vyao sokoni Matema kwa mtumbwi. Boti inayokimbia kilomita 45 kwa saa ikipita karibu na mtumbwi uliosheheni huweza kuuzamisha kwa mawimbi yake tu. Pangaboi likinasa wavu, hasara ni ya pande mbili. Skii ina nafasi yake mbali na nyavu na mbali na mito inapoingilia ziwani, ambako mamba hupenda kukaa.

Injini inaamuliwa na anayevutwa

Mchezo wenyewe una umri wa karne moja na kidogo. Tarehe 2 Julai 1922, Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18 kutoka Lake City katika jimbo la Minnesota, Marekani, alifaulu kusimama juu ya maji ya Ziwa Pepin akivutwa na boti iliyoendeshwa na ndugu yake Ben. Kabla ya hapo alishajaribu mbao za pipa na skii za theluji, akazama. Aliposhinda alikuwa na mbao ndefu na pana alizozichemsha ncha ili zipinde, na alikuwa amegundua siri ya pili: kuegemea nyuma, ncha za mbao zikiwa juu ya maji, na kuiacha boti ifanye kazi.

Kazi hiyo ya boti ndiyo inayoumiza mfuko. Mtu akiwa ameanza kuteleza havuti sana. Lakini sekunde zile za mwanzo, mwili ukiwa bado umezama hadi kifuani, ni mzigo mzito, na boti yenye injini ndogo itanguruma bila kumnyanyua. Mtu mzima juu ya mbao mbili huhitaji mwendo wa kilomita 40 hadi 45 kwa saa. Mtoto mwepesi anatosheka na 25 hadi 30. Kwa boti ya futi 16 yenye dereva na mtazamaji ndani, injini ya nguvu za farasi 40 itawanyanyua watoto na mtu mzima mwembamba. Baba mwenye kilo 90 anataka 60.

Mwinuko nao unakata sehemu yake. Hewa inavyopungua uzito, injini ya kawaida hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Nyasa iko kwenye mita 475 hivi, kwa hiyo injini ya 60 inafika pale ikiwa na 57. Si pigo kubwa, ila anayenunua injini inayotosha kwa kubana ajue kuwa itapungua. Fundi mzuri anaweza kufidia kwa kubadili pangaboi, akiweka lenye mkunjo mdogo ili boti ipande haraka juu ya maji, ingawa itapoteza kidogo mwendo wa mwisho.

Mvuvi anataka kinyume cha hayo yote. Anayekokota chambo kutafuta mbasa, samaki anayetajwa kila mara Kyela ikitajwa, anakwenda mwendo wa mtu anayetembea au kukimbia polepole, kwa saa nzima. Injini za mipigo miwili, kama Yamaha Enduro ya 40 iliyozoeleka katika maziwa ya Afrika Mashariki, ni nyepesi na mafundi wake hawatafutwi kwa tochi, lakini zikinguruma chini kwa muda mrefu plagi hushika masizi. Za mipigo minne hutulia kwenye mwendo mdogo, hazihitaji kuchanganyiwa oili kwenye petroli, na zinakula kidogo; bei na uzito wake viko juu. Kwa makadirio ya mafundi, injini ya 60 ya mipigo minne ikifunguliwa yote hunywa lita 22 hivi kwa saa, na ikikokota chambo hunywa sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa familia inayochanganya kazi mbili, tofauti hiyo inarudisha fedha taratibu.

Jambo moja halipatikani kwa injini ya mkono. Dereva anayeshika usukani wa nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye mpini wa injini, hawezi kutazama mbele na kumtazama mtelezaji kwa pamoja. Boti ya skii iwe na usukani wa gurudumu katikati au mbele, kioo cha kutazamia nyuma, na mtu wa pili asiye na kazi nyingine ila kumwangalia aliye majini. Kamba ya kuvutia, ambayo kwa kawaida ni ya mita 23, ifungwe kwenye nguzo au pete iliyopandishwa juu ya injini, isifungwe kamwe kwenye kiti.

Nafasi ya ndani

Boti nyingi za mashindano ya skii zina injini katikati na sakafu iliyojaa viti. Mvuvi hapati pa kusimama. Anachotaka ni sakafu wazi, isiyoteleza, yenye sanduku la samaki, vishikio vya fimbo na mahali pa kuwekea nanga. Suluhisho ni viti vinavyong'oka: asubuhi vinaachwa ufukweni, mchana vinarudishwa.

Idadi ya abiria inakadiriwa kwa hesabu ya futi ambayo kila fundi anaielewa: urefu mara upana, gawanya kwa 15. Boti ya futi 16 kwa 6 inatoa 96, yaani watu sita. Familia ya watu watano pamoja na kijana wa kusaidia injini inaenea, ila si na ndugu wawili waliodandia njiani.

Kuhusu malighafi, faiba ndiyo inayotawala. Serikali kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba bila riba, na hali hiyo inaongeza mafundi wa kuziba nyufa. Aluminiamu ni nyepesi kuvutwa kwa trela na hubonyea pale faiba ingepasuka, lakini kuichomelea si kazi ya kila gereji. Mbao ni rahisi kununua, ila boti ya mbao inayokaa miezi mitano uani Rujewa kwenye jua na mchwa itafika ziwani ikiwa inavuja kila kiungo.

Barabara, karatasi na kichocho

Trela linahitaji breki zake. Kutoka Uyole barabara inapanda, kisha inateremka kwa muda mrefu kupitia Tukuyu hadi Kyela, na gari dogo linalosukumwa na tani moja kutoka nyuma huchosha breki mapema. Boti tupu ya faiba, injini, mafuta na trela vikijumlishwa huikaribia tani hiyo bila mtu kutambua.

Ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018. Uvuvi una sheria yake, Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na leseni huulizwa kwenye ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Kila aliyemo ndani, si watoto peke yao, avae jaketi okozi, na dereva ajifunge kamba ya kuzimia injini mkononi au mguuni.

Kichocho kipo Nyasa. Konokono wake hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo kuanzia skii kwenye kina, kutoka kwenye boti badala ya ufukweni, kunapunguza hatari. Kupima baada ya msimu na kunywa praziquantel kwa maelekezo ya mganga ni sehemu ya gharama.

Gharama hiyo ndiyo inayowafanya wengine wagawane chombo: kaya mbili au tatu za Rujewa zinachangia boti, inahifadhiwa Kyela, na mvuvi mwenyeji mwenye leseni anaitumia siku za kazi kwa mgawo wa samaki. Utaratibu huo hubadilisha vipaumbele. Sakafu wazi na injini isiyosumbua vinapanda juu ya orodha, viti vya kifahari vinashuka, na mkataba unataja nani analipa pangaboi likivunjika. Kabla ya kulipa, wabia wote wapande, tangi lijae, kisha mzito kuliko wote ashuke majini na kushika kamba. Dereva afungue injini, na wote wahesabu sekunde hadi atakaposimama.