Taveta, Mji Uliolelewa na Mto

Katika nchi ya Ufaransa wasafiri hupanda meli za kupita mtoni, wakashuka katika miji ya kale kama Avignon, ulio kando ya mto Rhône, ili kutazama kuta na ngome zake. Sisi wa Voi hatuna mto wa namna hiyo. Mto wetu hauchukui meli, na wakati wa kiangazi hukauka mahali pengi. Lakini mji wa kale kando ya mto tunao, nao ni Taveta.

Msafiri aondokaye Voi hupita Mwatate, Bura na Maktau, mwendo wa kilomita 110 hivi. Akiisha kuiacha milima ya Taita huingia katika nyika kavu ya miiba na mibuyu. Kisha huona miti mirefu na migomba, akajua ya kuwa amekaribia mto Lumi. Mto huu hutoka ubavuni mwa Kilimanjaro, hupita Taveta na kuingia ziwa Jipe. Maji yatokayo ziwani huitwa Ruvu, nayo hushuka kwa mto Pangani hata baharini.

Ngome ya Taveta haikuwa ya mawe, bali ya miti. Wataveta wa zamani walikaa ndani ya msitu mnene wa Lumi, na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba zenye milango ya magogo. Wamasai walikuwa na nguvu nyikani, lakini msituni mikuki mirefu haikuwafaa. Kwa ajili ya usalama huo misafara ya pwani ilipumzika hapo, ikanunua chakula kabla ya kwenda mbele. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Teleki mwaka 1887. Hata gazeti lilipigwa chapa huko: wamisionari walianzisha Taveta Chronicle mwaka 1895.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliushika mji huu Agosti 1914. Waingereza walitengeneza reli kutoka Voi ili kuukomboa. Tarehe 12 Februari 1916 walishindwa katika kilima cha Salaita, lakini mwezi wa Machi waliurudisha mji. Msafiri ataona makaburi ya askari yaliyotunzwa vizuri. Na awakumbuke pia wapagazi Waafrika waliobeba chakula na risasi za majeshi katika vita ile. Wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu, wala makaburi yao hayajulikani.

Leo Taveta ni mji wa mpakani wenye soko kubwa, na ndizi zake hufika mbali. Lakini msitu ule uliowashinda wenye mikuki haukuweza kushindana na shoka. Sehemu kubwa imekatwa ili kupata mashamba. Udongo huchukuliwa na maji ya mvua mpaka Jipe, na matete yameenea ziwani hata wavuvi hupata taabu kupitisha mitumbwi yao.

Basi, ndugu msomaji, ukienda Taveta usitazame makaburi na vilima peke yake. Simama kando ya Lumi chini ya miti iliyosalia. Hiyo ndiyo ngome ya kale, na kuilinda si kazi ya askari, bali ya kila mwenye shamba kando ya mto.