Vitabu vya Wanasayansi Kuhusu Serengeti, na Mbwa wa Nyumbani Kwako

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia ugonjwa mmoja mmoja: malaria, kuhara, surua, kichocho. Mwezi huu tutazungumzia vitabu. Msishangae. Kila mwisho wa mwaka wanasayansi wengi hupenda kutaja vitabu walivyovifurahia, yaani vitabu vya habari za kweli. Katika orodha za namna hiyo, nchi yetu ya Serengeti imeandikwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Watu wa mbali husoma habari zake, na sisi tunaoishi Mugumu, Natta, Robanda, Nyamwaga au Sirari mara nyingi hatuzijui. Humo mna mafunzo ya afya, na moja linaweza kumwokoa mtoto wako.

Vingi vya vitabu hivi ni vya Kiingereza. Kama nyumbani kuna kijana wa sekondari, anaweza kuvisoma na kuwasimulia wengine jioni. Hapa tutaeleza kwa ufupi yaliyomo.

KITABU CHA KWANZA: BABA NA MWANA WALIOHESABU WANYAMA

Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama kutoka Ujerumani, alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema, "Serengeti haitakufa". Yeye na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakapita juu ya nyika wakihesabu wanyama na kufuatilia njia zao. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959. Alizikwa Ngorongoro, na baba yake akazikwa kando yake baada ya kufariki mwaka 1987.

Msomaji wa huku kwetu asome kitabu hiki akiwa macho. Watu waliochunga na kuwinda katika nyika hizo wanatajwa humo zaidi kama tatizo kuliko kama wenyeji. Hata hivyo kina funzo moja jema: huwezi kutunza kitu usichokihesabu. Ndiyo maana zahanati hupima uzito wa mtoto na kuuandika kwenye kadi. Mama anaweza kuona mtoto "yuko sawa tu", kumbe mstari wa kadi unaonyesha kwamba hajaongezeka kwa miezi miwili.

KITABU CHA PILI: KWA NINI NYUMBU WALIONGEZEKA?

Anthony Sinclair alikulia Tanzania, akaanza kazi ya utafiti Serengeti mwaka 1965. Mwaka 2012 alitoa kitabu chake "Serengeti Story". Swali lake la mwanzo lilikuwa jepesi kuuliza: kwa nini nyati na nyumbu wanaongezeka kila mwaka? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa karibu robo milioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja.

Jibu lilipatikana katika damu. Wanyama wakubwa walikuwa na dalili katika damu kwamba waliwahi kuugua sotoka na kupona. Wale waliozaliwa baada ya miaka ya mwanzo ya 1960 hawakuwa nayo kabisa. Maana yake ugonjwa ulikuwa umeondoka. Nani aliuondoa? Hakuna aliyewachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe.

Wazee wetu walisimuliwa habari za sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini karibu na mwaka 1890, ukaua sehemu kubwa sana ya ng'ombe, pamoja na nyati na nyumbu. Watu waliotegemea maziwa na mifugo walikufa kwa njaa. Miaka mingi baadaye, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora huko Muguga, Kenya. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka Serengeti, ugonjwa ulikosa mahali pa kujificha, na wanyama wa porini wakapona pamoja nao. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa pili kumalizwa na binadamu baada ya ndui.

Hapa kuna jambo ambalo kila mzazi alijue. Kirusi cha sotoka na kirusi cha surua ni ndugu wa karibu. Sotoka ilimalizwa kwa sababu wafugaji walikubali kuleta ng'ombe wachanjwe. Surua bado ipo, na bado inaua watoto, ingawa chanjo yake ipo na ni nzuri. Nchini kwetu mtoto hupewa chanjo hiyo akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Wengi huleta mtoto mara ya kwanza na kusahau ya pili. Angalieni kadi leo.

KITABU CHA TATU: KILA KITU KINA KIPIMO

Sean Carroll ni mwanasayansi wa Marekani anayechunguza viumbe hadi ndani kabisa ya chembe za mwili. Mwaka 2016 alitoa kitabu "The Serengeti Rules". Anaunganisha mambo mawili ambayo wengi hatuyaunganishi: mwili wa mtu na mbuga ya wanyama. Anasema kila kimoja kina kanuni za kuzuia vitu visizidi wala visipungue.

Mfano wa mbugani ni huu. Nyumbu walipoongezeka, walikula majani mengi. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ulikosa cha kuunguza. Moto ulipopungua, miti michanga ilikua, na misitu ikarudi. Yote hayo yalianza na sindano aliyopigwa ng'ombe.

Mfano wa mwilini ni kolesteroli, aina ya mafuta yaliyomo katika damu. Mwili unaihitaji kwa kipimo, na una njia ya kupunguza inapozidi. Njia hiyo ikiharibika, mafuta hujaa katika mishipa na moyo hupata shida. Saratani nayo ni chembe za mwili zilizoacha kutii kipimo na kuongezeka ovyo. Carroll anasema daktari na mtunza mbuga wanafanya kazi ya namna moja: kutafuta ni kanuni gani iliyovunjika.

UGONJWA ULIO MLANGONI: KICHAA CHA MBWA

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi, kwa sababu hadithi ya sotoka inajirudia kwa mbwa wetu.

Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa virusi ambao ni wa mbwa, nao pia ni ndugu wa surua na sotoka. Ugonjwa huo haumdhuru mtu. Lakini wataalamu walianza kuwachunguza mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na humo walikutana na ugonjwa mwingine unaomdhuru mtu: kichaa cha mbwa. Kati yao walikuwa Sarah Cleaveland na, baadaye, Katie Hampson, pamoja na wataalamu wa Kitanzania.

Wengi walidhani kichaa kinatoka porini, kwa fisi na mbweha. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba wanaokihifadhi ni mbwa wa nyumbani. Wanyama wa porini hukipata kwa mbwa, na bila mbwa hakidumu kwao. Mbwa waliochanjwa katika wilaya ya Serengeti kuanzia mwaka 1996 walileta tofauti iliyoonekana: mbwa wenye kichaa walipungua sana, na watu walioletwa hospitali kwa kuumwa na mbwa wakapungua pia.

Kichaa kinaambukizaje? Kirusi kimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kisha hupanda polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi 1 hadi 3, na pengine zaidi. Wakati huo wote mtu anajisikia mzima. Kidonda kinaweza kupona kabisa na familia ikasahau. Dalili zikishatokea, kama vile kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuchanganyikiwa, karibu hakuna anayepona. Muda huo wa kujisikia mzima ndio nafasi pekee ya kumwokoa mgonjwa.

Nafasi hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alipompa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi. Leo bado inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya kila watu 10, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hucheza na mbwa na kuchunga nao. Tena wengi wao huficha kidonda wakiogopa kupigwa.

UFANYE NINI MTU AKIUMWA?

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Usichoke mapema. Kuosha huko huondoa virusi vingi kabla havijaingia ndani.

2. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa ya mizizi. Usikishone kidonda wala kukifunga kwa kubana.

3. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu. Kama chanjo haipo pale, waulize iko wapi, na uende. Hata kama siku zimepita, nenda.

4. Maliza sindano zote. Hutolewa kwa siku mbalimbali kama utakavyoelekezwa. Kuishia njiani kwa kuwa kidonda kimepona ni hatari.

5. Toa habari kwa afisa mifugo na kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu mbwa aliyeuma, ili wengine walioumwa watafutwe.

KWA NINI MBWA 7 KATI YA 10?

Chanjo ya mtu ina gharama, na haipatikani katika kila zahanati. Baba anaweza kulazimika kuuza mbuzi ili kulipia safari na sindano. Kumchanja mbwa ni rahisi zaidi, na humlinda kila mtu anayepita njiani.

Wataalamu wanasema inatosha kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Sababu yake ni hii. Mbwa mwenye kichaa kwa wastani huwaambukiza mbwa wengine mmoja au wawili tu kabla hajafa. Akikutana na waliochanjwa, mnyororo unakatika. Lakini mbwa wetu hawaishi miaka mingi, na kila mara watoto wa mbwa huzaliwa. Kijiji kilichochanja 7 kati ya 10 mwaka huu, mwakani kitakuwa na wachache zaidi wenye kinga. Kwa hiyo chanjo inarudiwa kila mwaka, na tunaanza na idadi kubwa ili hata ikipungua bado iwe na nguvu. Peleka na watoto wa mbwa, maana ndio wanaochezewa zaidi na watoto.

Kuua mbwa ovyo hakusaidii. Waliouawa huwa ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa, na nafasi yao hujazwa na wageni wasio na kinga. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa.

KITABU CHA KUWEKA NYUMBANI

Tumalizie na kitabu kimoja ambacho kipo kwa Kiswahili: "Mahali Pasipo na Daktari". Mwandishi wake, David Werner, hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa viumbe na mwalimu, akaishi na wanavijiji katika milima ya Mexico, na kuandika kwa ajili yao mambo ya matibabu kwa maneno mepesi na picha nyingi. Baadaye kitabu kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Kinafaa kuwa mikononi mwa kila jumuiya, lakini muangalie mwaka wa kuchapwa. Katika nakala za zamani, majina na vipimo vya dawa huenda vimebadilika, kwa hiyo kuhusu dawa mwulizeni mhudumu wa afya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Katika mtaa wetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa mwaka huu? Chanjo ya kichaa kwa watu inapatikana wapi karibu nasi? Nani anaweza kumsafirisha mtoto aliyeumwa usiku? Je, watoto wetu wanajua kwamba wakiumwa na mbwa watasaidiwa, na hawatapigwa?